Hapana Shangazi, Silipwi: Mimi Ndiye Ninayelipa

Tangu niweke ile picha nimelaza pikipiki kwenye kona ya njia ya mbio, goti limegusa lami, simu haijatulia. Mdogo wangu anauliza, "Dada, na mimi nianzeje?" Shangazi, shikamoo, ametuma ujumbe wa sauti wa dakika nne, na wote unaishia kwenye swali moja: huko Uingereza wanakulipa kiasi gani kukimbiza pikipiki? Nawajibu wote kwa pamoja, maana naona picha imeshasema mambo ambayo mimi sikuyasema.

Silipwi. Hata senti. Kwenye mbio za klabu, na huko ndiko karibu kila mtu anakoanzia, mwendeshaji ndiye anayetoa ada ya kuingia, mafuta na tairi, na akianguka ananunua vipuri. Mshindi anapewa kikombe na kupigiwa makofi. Kinachonilisha ni zamu za usiku za kutunza wazee. Ijumaa asubuhi natoka kazini, nasinzia saa mbili tatu, napakia pikipiki kwenye vani ya kuazima, na usiku nalala humo humo kati ya tairi na jeki. Picha haikuonyesha vani.

Wala sikuanza kwa kupanda pikipiki. Nilianza kwa kusimama. Wale mnaowaona pembeni ya njia wakipunga bendera na kukimbilia walioanguka, wengi wao ni watu wa kujitolea. Nikajiandikisha, nikafundishwa, na msimu mzima nikasimama Cadwell Park, uwanja wa mbio kule Lincolnshire, karibu na kilima wanachokiita The Mountain, mahali ambapo pikipiki inaruka mpaka tairi zote mbili zinaachana na ardhi. Mvua ilininyeshea hadi mifupani. Lakini nilijifunza jambo pale: wenye kasi hawaonekani kuhangaika. Ukiona mtu anapambana na pikipiki yake, jiandae, huyo ndiye mtakayekwenda kumwokota.

Baadaye nikaanza kwenda siku za mazoezi, kundi la wageni, kisha nikaomba leseni. Anayesimamia mbio huku ni Auto-Cycle Union, chama kilichoanzishwa mwaka 1903. Hawakupi leseni kwa sababu unajua kutia gia. Unakaa darasani, unajibu maswali, unapelekwa njiani wakutazame. Bendera unazijua kama jina lako: nyekundu, mbio zimesimamishwa, ya njano ikipungwa, kuna hatari na ni marufuku kumpita mtu, ya njano yenye mistari myekundu, lami inateleza, nyeusi yenye duara la chungwa pamoja na namba yako, pikipiki yako ina hitilafu, toka njiani mara moja. Ya buluu nitaieleza, maana nayo tunafahamiana sana.

Pikipiki yangu ni Suzuki SV650 iliyokwisha kupita mikono ya watu. Kuigeuza iwe ya mbio kulinichukua majira ya baridi yote. Unang'oa taa, vioo na stendi. Nati ya kumwagia oili unaitoboa tundu na kuifunga kwa waya, isije ikalegea kwa mtetemo. Chini ya injini unaweka sinia la kudaka oili injini ikipasuka. Kwenye rejeta yanabaki maji matupu, kwa sababu dawa ya kuzuia kuganda ikimwagika lami inakuwa kama imepakwa sabuni na haikauki upesi. Angalia vizuri, mdogo wangu: karibu kila sharti hapo linamlinda anayekuja nyuma yako. Mkaguzi aliushika waya wangu mmoja kwa vidole viwili, akautikisa, akanirudisha. Nilinuna. Nikarudi nao umekazwa.

Mbio zangu za kwanza zilikuwa kwenye uwanja wa Brands Hatch, kwenye ile njia yake fupi ya takriban kilomita 1.9. Kona ya kwanza inaitwa Paddock Hill. Unaifikia kwa kasi, ukingo wake huuoni, halafu ardhi inaporomoka chini yako na tumbo linabaki juu. Niliwekwa nyuma kabisa, nimevaa kizibao cha rangi ya chungwa wanachovalishwa waanzaji ili kila mtu ajue hapa kuna mgeni. Taa zilipozimika niliachia klachi mapema mno, tairi la mbele likainuka, nikafunga mafuta kwa hofu, na wenzangu wote wakaondoka. Mizunguko miwili nilikimbia peke yangu kama niliyetumwa dukani. Kisha nikaiona ya buluu. Maana yake ni kwamba anayekuja nyuma ana kasi kuliko wewe na yuko karibu kukupita, usimbabaishe. Kiongozi akanipita kwa ndani, ameshanizidi mzunguko mzima. Nikawa wa mwisho.

Nilivua helmeti nikicheka na kulia kwa wakati mmoja. Nilikuwa nimemaliza, na ukimaliza mbio salama unapata sahihi. Sahihi zikitimia, kizibao kinavuliwa. Hiyo ndiyo ngazi yenyewe, inapandwa kidogo kidogo.

Sasa la kuumia, ambalo nililifunika. Msimu uliopita, asubuhi yenye baridi, niliingia njiani tairi likiwa bado halijapata joto. Wenzangu wanazivisha tairi mablanketi ya umeme kabla ya kutoka. Yangu moja lilikuwa limeungua nami nikaona haidhuru. Kona ya pili tairi la nyuma likateleza, likashika ghafla, pikipiki ikanirusha juu. Nilivunjika mtulinga wa kulia. Mtulinga uliovunjika hauruhusu kumnyanyua mzee kitandani, na kazi yangu ni ya zamu: usipoingia, hela haiingii. Kwa wiki sita niliishi kwa akiba ya tairi. Mlipouliza kwa nini nimenyamaza, nikasema mtandao unasumbua. Mtandao ulikuwa mzima.

Shangazi, ile video uliyonitumia ya wanaopita katikati ya nyumba na kuta za mawe ni Isle of Man, kisiwa kilicho kati ya Uingereza na Ireland. Huko ni barabara za kawaida zinazofungwa, mzunguko mmoja unazidi kilomita 60, na wamekufa watu wengi. Mimi sikimbii huko wala sina mpango. Ninakokimbia kuna nafasi pembeni ya kona na kokoto za kukupunguza kasi, na ambulensi inasubiri. Hatari ipo, ila si ile.

Je, mwanamke anaruhusiwa? Mwaka 1962 Beryl Swain alikimbia kwa pikipiki ya mtu mmoja kwenye mashindano hayo ya Isle of Man, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo, kisha akanyang'anywa leseni ya kimataifa. Mwaka 2018 Ana Carrasco wa Hispania alitwaa ubingwa wa dunia wa Supersport 300, daraja la pikipiki ndogo, kwa tofauti ya pointi 1, na aliowashinda karibu wote walikuwa wanaume. Tangu 2024 kuna ubingwa wa dunia wa wanawake watupu, na wa kwanza kuuchukua ni yeye huyo huyo. Mlango uko wazi, ila ovaroli ya ngozi ya kunikaa vizuri bado ni shida: nyingi zimeshonwa kwa mabega ya mwanamume.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usije huku kwa sababu ya picha yangu. Ukija kwa shughuli nyingine na pikipiki ikawa imo moyoni, anza kwa kusimama kwenye kona, nitakusimamisha mimi mwenyewe. Na usinunue pikipiki kabla ya kununua helmeti.

Mama anajua kwamba jioni ya mbio namtumia neno moja tu: "Nimeshuka." Akilipata, analala. Jioni ile ya mtulinga niliandika "Nimeshuka" kwa mkono wa kushoto, nimelala kitandani hospitalini. Mama, kama umesoma mpaka hapa, haukuwa uongo. Nilishuka kweli, ila pikipiki ndiyo iliyoamua lini.