Anza na Uzi, Gundi Itasubiri

Mara ya kwanza nilipowafundisha watoto wa darasa la tano kujalidi vitabu, nilianza na gundi, na kosa hilo lilinigharimu kipindi kizima: kabla kengele haijalia majalada yalikuwa yamejipinda kama bati lililong'olewa na upepo, kurasa zimegandamana, na mtoto mmoja anazunguka darasani na daftari lililomgandia kiganjani. Tangu siku hiyo tunaanza na kukunja na kushona, na gundi haitoki kabatini hadi wiki ya tatu.

Karatasi hazihitaji kununuliwa. Mwishoni mwa mwaka madaftari ya watoto hubaki na kurasa nyingi tupu, nasi tunazichomoa pale katikati, kwenye pini, zikiwa bado zimeshikana mbili mbili. Hapo ndipo wanapoelewa jambo waliloliona miaka yote bila kuliwazia, kwamba ukichana karatasi ya mbele, mwenzake wa nyuma huachia kwa sababu zote mbili ni karatasi moja iliyokunjwa. Kila mtoto apewe karatasi sita za kukunjwa hivyo, si zaidi, maana mkunjo mnene huwashinda kuutoboa.

Matundu ni matatu, nami huyatoboa kwa msumari mwembamba juu ya kandambili kuukuu. Uzi uwe na urefu mara tatu ya kitabu, na upitishwe kwenye kipande cha mshumaa ili usijisokote. Sindano huingia tundu la katikati ikitokea ndani, hurudi ndani kwa tundu la juu, huliruka la katikati na kutoka kwa la chini, kisha huingia tena katikati. Ncha mbili za uzi zikae kila moja upande wake wa ule mshono mrefu ndipo zifungwe fundo. Hapo ndipo wengi wanapokosea, na fundo lililofungwa upande mmoja hulegea siku hiyo hiyo.

Sindano zihesabiwe zinapotolewa na zinaporudi. Wavulana walionilalamikia kwamba kushona ni kazi ya dada zao niliwauliza ni nani aliyewashonea sare, na kwa kuwa fundi cherehani wa mtaa wao ni mwanamume, mjadala uliishia hapo. Huwasimulia pia habari za Siyu, katika kisiwa cha Pate, ambako Misahafu iliandikwa na kujalidiwa kwa mkono.

Gundi yetu ni unga wa ngano, kijiko kimoja kwa vijiko vitano vya maji, uliopikwa hadi uanze kung'aa, kisha ukaachwa upoe kabisa. Kabla ya kukata boksi la jalada, lipinde taratibu kwa urefu na kwa upana: pale linapokubali kupindika bila ubishi, mstari wa mpindo huo ndio uende sambamba na mgongo wa kitabu, la sivyo jalada litajikunja likikauka. Kitambaa cha kitenge kipakwe gundi kidogo tu. Kati ya jalada na kurasa weka kipande cha nailoni, jambo ambalo mimi sikulijua siku ile, kisha kitabu kilale chini ya tofali hadi kesho yake. Waambie watoto mapema kwamba leo hawaondoki nacho. Wapo watakaorudi jioni kukichungulia dirishani.