Nimtandikie Nini Mjusi-ndevu Wangu?

SWALI: Shikamoo shangazi. Nina mjusi-ndevu wa miezi minne. Aliyeniuzia alinipa mfuko wa mchanga mweupe wa kalsiamu, akanihakikishia kwamba hata akiumeza utayeyuka tumboni na kumjenga mifupa. Jana nimeona chembe za mchanga kwenye kinyesi chake. Rafiki yangu anasema niweke zulia, mwingine anasema niuache mchanga kwa kuwa huyu ni mnyama wa jangwani. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kati ya hao watatu, usimsikilize hata mmoja.

Mchanga huo utoe leo hii. Ukilowa hugandamana, na mjusi akishazoea ladha yake anaweza kuulamba makusudi. Mahali pake tandika gazeti au karatasi za jikoni. Najua hazipendezi, lakini mjusi wa umri huo hurukia nyenje kwa pupa, ulimi nje, na chochote kilicho chini ya mdudu kinaingia naye. Tena juu ya karatasi utakiona kinyesi vizuri: kikiwa majimaji au kinanuka kupita kawaida, mpelekee daktari wa wanyama sampuli apime vimelea.

Zulia nalo hunasa kucha, na uchafu hujificha kwenye nyuzi hata ukilifua. Maranda ya misonobari na mierezi yana mafuta yenye harufu kali yanayowasha mapafu. Maganda ya jozi yaliyosagwa, ambayo bado yanauzwa kwa kazi hii, yana ncha kali. Hayo sitaki hata kuyasikia.

Kuhusu jangwa, rafiki yako amesema nusu tu. Mjusi huyu ametoka maeneo makavu ya ndani ya Australia, ambako sehemu kubwa ya ardhi ni udongo mwekundu ulioshindiliwa na jua, wenye mawe na magogo. Naye hapendi kukaa chini muda wote. Utamkuta juu ya kisiki au nguzo ya uzio akiota jua. Akishakua, ukitaka kumpa kitu kinachofanana na kwao, changanya udongo wa kawaida usio na mbolea na mchanga uliooshwa, udongo ukiwa zaidi ya nusu. Loanisha, shindilia kwa mikono, acha ukauke kabisa kabla ya kumrudisha. Mimi binafsi huchagua vigae vya mawe vyenye uso wa kukwaruza: vinashika joto, vinasugua kucha, vinapanguswa mara moja. Vinavyoteleza viache dukani.

Lakini sasa nikuulize swali ambalo hukuniandikia: taa zako zikoje? Mara nyingi mchanga hulaumiwa peke yake wakati mjusi ana baridi. Pale anapoota joto, uso wa jiwe uwe nyuzi 38 hadi 42 za Selsiasi, upime kwa kipimajoto, si kwa kiganja. Chini ya hapo chakula hakisagiki vizuri. Bila taa ya UVB, yaani inayotoa mionzi ya urujuanimno kama ile ya jua, hatengenezi vitamini D3 ya kutosha, kalsiamu haifyonzwi, na misuli ya utumbo inakosa nguvu ya kusukuma. Mjusi mwenye joto, mwanga na maji ya kutosha mara nyingi huzitoa chembe chache bila shida, kama ulivyoona jana. Nyenje mwekee bakulini, wapakwe unga wa kalsiamu. Hiyo ndiyo njia ya kumpa kalsiamu.

Akiacha kula, tumbo likajaa, asipate choo siku kadhaa au akaanza kuburuta miguu ya nyuma, usimkande wala kumnywesha mafuta. Mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo.

Na akija kuwa jike, mwekee sanduku la udongo wenye unyevu wa kuchimba, hata kama hajawahi kuonana na dume. Mayai anaweza kuyapata hata hivyo, na asipopata pa kuyafukia anaweza kuyazuia tumboni.