Mzee akiambiwa maneno yake si ushahidi: jibu kwa aliyeuliza kuhusu machimbo ya Kajiado

Ndugu, umeuliza kama sheria inamtambua mzee wenu anaposema pale panapotakiwa kuchimbwa mawe ni malisho ya kiangazi, au kama yule mtaalamu aliyefanya kikao kimoja na kusainisha watu alikuwa sahihi kumjibu kwamba hayo ni "masimulizi, si data". Hakuwa sahihi. Nimefanya upande wa jamii kwenye tathmini za athari kwa mazingira miaka mingi nikitokea hapa Nairobi. Jibu hilo nimelisikia mara nyingi, na kila mara linaniuma.

Nikupe mfano wa huko huko kwenu, nyanda za Athi-Kaputiei, kusini ya mbuga ya Nairobi. Rasimu ya ripoti moja ilisema eneo la mradi "halitumiki kwa malisho". Vijana wa utafiti walikuwa wamefika mwezi wa pili, wakapiga picha: nyasi mbichi, nyumbu tele, ng'ombe hakuna hata mmoja. Tuliporudi tulikwenda na mzee wa pale. Alisimama ukingoni mwa uwanda akaonyesha kwa fimbo, akasema: Huku nyumbu wanazaa, ng'ombe hawakanyagi mpaka ndama wa nyumbu wakue. Kule ndiko mifugo iko sasa, hata kama nyasi ni haba. Kiangazi kikikaza, tunarudi hapa mliposimama.

Sababu ni ugonjwa. Ng'ombe akichanganyika na nyumbu wanaozaa, macho huvimba, kamasi nzito hutoka, homa hupanda, na akishaugua ni nadra kupona. Madaktari wa mifugo wanajua ni kirusi ambacho nyumbu hubeba bila kuugua, na kwamba ndama wake wachanga ndio wanaokisambaza kwa kamasi na machozi. Mzee alitaja kondo la nyuma, daktari angetaja kamasi, lakini kwenye kalenda ya malisho wote wawili wanakutana mwezi ule ule. Wamaasai walikuwa wakihamisha ng'ombe kwa kalenda hiyo kabla maabara yoyote haijakiona hicho kirusi. Rasimu ingepita ilivyokuwa, uzio ungejengwa, na kiangazi mifugo ingekosa pa kwenda huku karatasi zikidai hakuna aliyeathirika.

Sasa sheria. Ibara ya 69 ya Katiba ya 2010 inaitaka serikali ilinde maarifa ya jadi ya jamii kuhusu bioanuwai, yaani aina zote za viumbe hai, ihimize ushiriki wa wananchi, na iweke mifumo ya tathmini ya athari kwa mazingira. Yote matatu yako ndani ya ibara moja. Kanuni za 2003 zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya 1999 zinashuka hadi kwenye vitendo: mwenye mradi anayefanya tathmini kamili atangaze kwa mabango, gazeti na redio, afanye angalau mikutano mitatu na watakaoathirika, na awepo mratibu wa kupokea maoni ya mdomo na ya maandishi, pamoja na tafsiri zake, yapelekwe NEMA, mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira. Maoni ya mdomo yametajwa waziwazi. Mzee akiongea Kimaasai, maneno yake yanapaswa kuandikwa na kutafsiriwa, si kupigiwa makofi na kuachwa barazani.

Kuhusu wakati wa kushauriwa, kesi ya kukumbuka ni ya Lamu. Tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Taifa la Mazingira, lile linalosikiliza rufaa za leseni, lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Wakazi walikuwa wameitwa kwenye mikutano, tena zaidi ya mmoja. Lakini ilikuwa ya utangulizi tu, kabla utafiti haujakamilika, kwa hiyo hawakupata nafasi ya kujadili athari zilizobainika. Kwa hiyo hicho kikao chenu kimoja, kabla hamjaona matokeo yoyote, msikubali kiitwe mashauriano.

Ninavyowashauri ni kwamba maarifa yenu yaingie kwenye kumbukumbu yakiwa na mahali na majira. "Tangu mababu tunalisha hapa" ni kweli, ila mwandishi wa ripoti ataipunguza iwe sentensi moja. Chukueni ramani, mzee aweke alama: kisima kinachobaki na maji hadi mwezi wa tisa, njia ya mifugo, pa nyumbu, pa kulambia chumvi. Andikeni miezi. Akina mama wawe na kikao chao, maana mambo ya maji na kuni hawayasemi mbele ya chifu, na ndio wanaoyajua. Karatasi ya mahudhurio mkiletewa, someni kichwa chake kabla ya saini; kama kimeandikwa kwamba mmekubali mradi, kateni maneno hayo au msisaini.

Si kila kitu kiandikwe, lakini. Ripoti ya tathmini ni ya kusomwa na umma. Dawa za miti shamba na mahali pa ibada patajeni kama eneo la kulindwa bila kueleza siri yake. Sheria ya kulinda maarifa ya jadi ya 2016 inamtaka mtu wa nje apate ridhaa ya jamii kwanza kabla ya kuyatumia, na ni rahisi kukataa mapema kuliko kudai baadaye.

Ukiwa uko Rongai, si mbali, peleka barua yenu mwenyewe ofisi za NEMA Barabara ya Popo, South C, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Leseni ikitolewa licha ya hayo, mna siku 60 za kukata rufaa kwenye baraza hilo nililotaja. Msizipoteze mkingoja mwekezaji aje tena kijijini kuzungumza.