Kometi ya alfajiri: fika ufukweni kabla ya mkia

Kwanza jina. Kimondo hupita angani sekunde moja mbili, kikaisha. Kometi, yaani nyota yenye mkia, hutulia palepale ukiitazama, na kesho yake utaikuta imesogea kidogo tu kati ya nyota. Ukiikosa leo, una kesho. Lakini kwa alfajiri moja hapa Dar muda ni mfupi: tuko karibu na Ikweta, jua hupanda karibu wima, na kukianza kupambazuka giza huisha upesi.

Hilo nililijua mwishoni mwa Septemba 2024, kometi ya Tsuchinshan–ATLAS ilipolikaribia jua. Nilikwenda Kigamboni, kwa sababu pwani inatazama mashariki na taa za mji unazipa mgongo. Coco Beach pia inafaa, ila taa za barabarani zitakusumbua. Popote uendapo, usiende peke yako na kamera. Siku ya kwanza nilifika saa 11 na nusu, nikijua jua linachomoza saa 12 na dakika kama 10, kwa hiyo nina muda tele. Hadi namaliza kufungua stendi, mbingu ilishakuwa nyeupe. Sikuona kitu.

Kesho yake saa 10 na nusu nilikuwa tayari mchangani. Mkia wa kometi haufuati nyuma kama moshi wa lori; unasukumwa na mwanga na upepo wa jua, yaani chembe zinazotoka kwenye jua, ndiyo maana siku zote huelekea mbali na jua. Jua likiwa bado chini ya upeo, mkia hutangulia kuchomoza na kichwa hufuata. Nilichokiona mwanzo kilikuwa mstari hafifu uliosimama juu ya maji, kama mwanga wa tochi ya mtu aliyejificha nyuma ya wingu. Kisha kichwa kikaibuka, kidogo na cha kung'aa kuliko mkia wote. Nilikitazama kwa darubini ya macho mawili ya 10x50 hadi nikatosheka, ndipo nikashika kamera. Nawe fanya hivyo. Picha utaipata, lakini dakika zile hazirudi.

Fokasi usiiachie kamera, gizani itahangaika tu. Ielekeze Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote usiku, ambayo msimu ule saa hizo iko juu sana, kuza picha kwenye kioo, zungusha lenzi mpaka nyota iwe nukta, halafu bana pete ya fokasi kwa selotepu. Mimi siku ile sikuibana. Kiganja kiliigusa na picha zangu kumi na mbili za mwanzo zote zilitoka na ukungu.

Muda wa picha: gawanya 500 kwa milimita za lenzi. Lenzi ya 50 inakupa sekunde 10. Mimi huishia 6, nyota zibaki nukta. Anza na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 1600 na tundu la lenzi f/2.8, uipunguze ISO kadiri kunavyokucha. Mwenye simu atumie hali ya usiku, aiegemeze mahali imara na aweke kipima muda ili asiitikise.

Ukitoka kwenye kiyoyozi, acha begi limefungwa nusu saa nje, la sivyo lenzi itajaa mvuke. Chumvi ya bahari ipulize kwanza, usiifute ikiwa kavu, itakwaruza kioo.

Ikikaribia saa 12 funga darubini, hata kama kichwa bado unakiona. Jua likiingia humo, jicho linaungua.