Mzigo Uliokuzidi Kimo: Namna ya Kutawakali

Hapa Tanga, mtu akieleza shida yake barazani, jibu linalomfika kwanza ni "mwachie Mungu". Neno ni la kweli, lakini mara nyingi husemwa ili mazungumzo yaishe. Mwenye shida anarudi nyumbani na mzigo uleule, na sasa ameongezewa mwingine: anadhani imani yake ni ndogo kwa kuwa usingizi bado haumjii. Makala haya ni ya mtu huyo.

Soma Sura Al-Qasas, aya ya 7 hadi 13, kisa cha mama yake Nabii Musa. Tazama mpangilio wake. Kwanza aliambiwa amnyonyeshe mtoto. Akimhofia, amtie mtoni. Na maji yalipomchukua, mama hakujifungia ndani. Alimtuma dada yake Musa amfuatie nyuma, akawa anamtazama kwa mbali. Katikati ya hayo, Qur'ani inasema moyo wa mama ulikuwa mtupu, akakaribia kuitoa siri, lau si Mwenyezi Mungu kuutia nguvu moyo wake. Huyu ni mwanamke aliyeahidiwa na Mola wake kwamba mtoto atarudi, na bado ilimwia vigumu kiasi hicho. Basi hofu uliyonayo haivunji tawakali, yaani kumtegemea Mungu. Aliloliweza alilifanya, alichokiacha kwa Mungu ni mto na nyumba ya Firauni, mambo ambayo mkono wake haukuyafikia.

Wengi tunaowaona wamelemewa wameigeuza kazi hii. Wanayakesha yale ya mtoni, na ya kunyonyesha wameyaacha. Anayedaiwa hapati usingizi akiwaza aibu itakayompata, lakini ukimuuliza anadaiwa jumla shilingi ngapi, hajui. Mwenye mgonjwa anawaza mauti, na kadi ya kliniki ilishapita tarehe.

Kwa hiyo, kabla ya mswala, karatasi. Andika kila kinachokukalia rohoni, kitu kimoja kila mstari, kwa majina na tarehe: "ada ya Januari", "uvimbe wa mama", "kaka hasemi nami". Usiandike "maisha magumu", kwa sababu neno hilo halina pa kulishikia. Kisha mbele ya kila mstari andika jambo moja ambalo mkono wako unaliweza ndani ya siku saba. Kuna mistari ambayo hutapata la kuandika. Hiyo ndiyo ya kumkabidhi Mola moja kwa moja, na jambo hilo likikujia tena akilini usiku ijibu nafsi yako: hili nimeshalikabidhi. Itabidi uijibu mara nyingi. Makabidhiano haya hayafanyiki mara moja yakaisha.

Deni tulizungumze kwa urefu, maana ndilo linalovunja nyumba nyingi siku hizi, hasa mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa na marejesho ya harakaharaka. Chukua mfano wa mama anayenunua samaki kwenye soko la Deep Sea hapa Tanga, akakaanga na kuuza. Amekopa 300,000, marejesho 50,000 kila wiki kwa wiki nane, yaani 400,000. Wiki nzuri anapata faida ya 40,000. Rejesho pekee linamzidi kwa 10,000, na watoto hawajala. Ili asifedheheke mbele ya kikundi cha wakopaji wenzake anakopa kwingine, na hapo ndipo kamba inapokaza: mkopo wa pili haulipi wa kwanza, unauzaa upya. Akisema "Mungu atajua" huku akisaini karatasi ya tatu, hiyo si tawakali. Kuacha kukopa ndiyo hatua ya kwanza, na kwa Muislamu ndiyo mwanzo wa toba kwenye riba.

Baada ya hapo aende kwa mdai kabla ya siku ya rejesho, asingoje kufuatwa. Aende na kitabu chake cha marejesho na namba anayoiweza kweli. Kama ameshalipa wiki tatu, amebakiza 250,000. Kwa 25,000 kila wiki atamaliza kwa wiki kumi, na nyumbani inabaki 15,000. Kosa la watu hapa ni kuahidi kiasi kikubwa kwa woga, wakashindwa wiki ya pili, na neno lao halina uzito tena. Wakikubaliana, iandikwe na kusainiwa mbele ya shahidi. Aya ya 282 ya Sura Al-Baqara imeamrisha deni liandikwe, na aya ya 280 imemtaka mdai ampe muda aliye katika dhiki. Ziseme kwa adabu. Mdai mwenye kumcha Mungu huzisikia. Asiyesikia, muulize leseni yake ya Benki Kuu, maana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka awe nayo. Na akija kubeba friji au godoro, mwite mwenyekiti wa mtaa kabla kitu hakijatoka mlangoni. Wenye madeni wametajwa pia katika mafungu manane ya zaka (At-Tawba, aya ya 60), kwa hiyo kuipelekea kamati ya msikiti hesabu zako si kuombaomba.

Sasa dua. Theluthi ya mwisho ya usiku ina fadhila kubwa, na kuihesabu ni rahisi. Maghribi ikiingia saa 12:30 jioni na alfajiri saa 11:00, usiku una saa kumi na nusu, kila theluthi ni saa tatu na nusu. Ya mwisho inaanza saa 7:30. Si lazima ukae muda wote. Mama wa vitumbua ameshaamka saa 10:00 kutazama unga wake kama umeumuka. Rakaa mbili kabla ya kuwasha jiko zinatosha. Anza kwa kumhimidi Mungu, umsalie Mtume, ndipo uombe, tena taja jambo kama ulivyoliandika kwenye karatasi. Wanazuoni wametofautiana kuhusu kuomba kwa Kiswahili ndani ya sala. Ukishatoa salamu omba kwa lugha unayolilia. Mtume alikuwa akiomba kinga ya wasiwasi na huzuni, kushindwa na uvivu, ubahili na woga, uzito wa deni na kuonewa na watu. Ona uvivu na deni vilivyowekwa katika dua moja.

Linaloharibu dua ni haraka. Hadithi sahihi inasema mja hujibiwa maadamu hajasema "nimeomba, sikujibiwa". Na hapo kwenye haraka ndipo mtu anapofuata mganga anayetaka laki mbili na kuku ili amfungulie riziki, akarudi na deni jingine.

Kuna jambo wanaume wa kwetu hawalipendi: kumwambia mtu. Nabii Musa alipotumwa kwa Firauni aliomba apewe msaidizi, akamtaja kwa jina, Harun ndugu yake (Sura Taha, aya ya 29 hadi 32). Kumtaka mwenzio ashike upande mmoja hakupunguzi kumtegemea Mungu. Chagua mtu mmoja anayeficha siri, anayeweza kukwambia umekosea, na asiyekudai. Kwa mwanamke anaweza kuwa somo yake, yaani kungwi aliyemfunda, au shangazi. Kwa mwanamume, ustadhi baada ya Isha watu wakishatawanyika. Barazani usiliseme. Mwombe jambo maalumu: "twende wote Jumatatu" au "nishikie hizi pesa nisizile".

Kwa ugonjwa, hospitali ni sehemu yako ya kunyonyesha. Asiye na uwezo wa kulipa aulizie ofisi ya ustawi wa jamii. Bombo na hospitali nyingine za serikali wanayo, na msamaha wa matibabu hupitia huko. Na huzuni ikipita wiki mbili, hulali, huli, sala imekuwa nzito, nenda ukapimwe, kwa sababu hiyo nayo ni maradhi. Ukianza kuwaza kufa, mwambie mtu usiku huohuo na usilale peke yako chumbani.

Kila Ijumaa baada ya sala toa karatasi. Futa yaliyokwisha, andika hatua mpya kwa yaliyobaki, na yale yasiyo na hatua yaombee kwa majina yake. Ikijaa anza nyingine, lakini ile yenye saini ya mdai itunze mpaka akuandikie kwamba deni limekwisha.