Fundi, mashine ya vumbi ipite ukutani?

SWALI: Shikamoo fundi. Tunajenga Njiro, Arusha. Tumeshaezeka, plasta bado. Dada yangu aliyeko Kanada anataka kuninunulia mashine ya kufyonza vumbi inayofungwa stoo, mabomba yakapita ukutani hadi vyumbani. Nina pumu. Nikubali? – Mama Mjenzi

JIBU: Marahaba, mama. Umewahi, ukishapiga plasta ni kuchimbua upya. Ila mwambie dada asilipie kwanza. Umeme wa kawaida wa majumbani huko ni volti 120, wetu 230. Mimi niliwahi kuunguza moja ya mteja Moshi kwa kutosoma kibandiko, nikailipa kwa awamu.

Kwa pumu yako, utamu wake ni kwamba hewa inaweza kutolewa nje badala ya kurudi sebuleni. Basi bomba la hewa chafu lisiishie stoo, litoboe ukuta wa nje, mbali na madirisha.

Kona za mabomba zipinde taratibu, isipokuwa ile ya nyuma ya tundu la ukutani (pale chumbani unapochomeka mpira wa kufyonzea): hiyo iwe kali, ili kijiti kirefu kinase hapo unapofikia kwa mkono. Kujua idadi ya matundu, chukua kamba ya mita 9, kama mpira wa mashine, uiburute kutoka tunduni hadi nyuma ya kochi na kitanda. Haifiki? Ongeza tundu.

Na kama nyumba nzima ni vigae na zulia moja, mimi ningenunua dekio.