Mbwa anayekukwepa: usilipie "mazungumzo ya hisia"

Pole sana, dada. Umesema mbwa wako hakukaribii tangu mlipohamia nyumba mpya, na kuna mtu anayedai atazungumza naye kwa hisia kupitia picha, ukimlipa. Usimlipe. Mawasiliano na wanyama yapo kweli, ila hujengwa kwa kuishi nao.

Watazame Wahadzabe, wawindaji wa karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania. Wanapiga mluzi, ndege mdogo anakuja na kuwaongoza mti kwa mti mpaka kwenye nyuki wa porini. Wao wanachukua asali, yeye anakula nta. Wayao wa Niassa, Msumbiji, wana mlio wao tofauti, "brrr-hm", na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa mlio huo huongeza uwezekano wa kuongozwa na ndege kutoka asilimia 33 hadi 66. Tena ndege wa kila eneo huitikia zaidi mwito wa wenyeji wake! Kwangu mimi hilo ni jambo la kiroho hasa: kiumbe asiyefugwa na mtu anamtambua jirani yake kwa sauti.

Sasa mbwa wako. Keti sakafuni ukimpa ubavu, usimkazie macho, mwache aje mwenyewe. Akilamba midomo ovyo au kupiga miayo bila usingizi, mara nyingi ana wasiwasi, usimshike. Mlishe saa zilezile, mwite kwa neno lilelile. Lakini akikataa chakula au kulia akiguswa, mpeleke kwa daktari wa mifugo kwanza, huenda ana maumivu.